Mdogo Wangu Anagawana Vidonge vya Kifafa na Mbwa Wetu

BARUA

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa na vidonge 11 tu ndani ya kichupa, na kila kimoja ninakiona kama siku moja iliyobaki kabla sijalazimika kuchagua jambo ambalo sijui namna ya kulichagua.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni hapa Morogoro. Nyumbani kwetu ni wilayani Ulanga, upande wa milima ya Mahenge, ambako mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, anaugua kifafa tangu alipokuwa darasa la pili. Mkono wake wa kushoto una kovu linaloanzia kiganjani na kufika karibu na kiwiko, kwa sababu siku moja aliangukia mafigani akiwa peke yake jikoni. Tangu alipoanzishiwa fenobabitoni kliniki, vidonge vitatu kila jioni, hali yake ilitulia kiasi kwamba miezi kadhaa ilikuwa ikipita bila kuanguka, na sisi tukaanza kulala bila kutega sikio.

Bobi ni mbwa wa kienyeji ambaye mdogo wangu alimwokota barabarani akiwa kitoto. Hatukumfundisha lolote, lakini alijizoesha kubweka mfululizo mdogo wangu anapoanguka, na hanyamazi mpaka mtu mzima afike. Mwaka juzi Bobi mwenyewe alianza kuanguka. Anakakamaa, anapiga miguu kama anayeogelea, anatoa povu na kujikojolea, kisha anazunguka chumbani kama asiyemjua mtu. Majirani wakasema kwamba alilamba povu la mdogo wangu ndipo akaambukizwa, na wengine wakasema kwamba sasa yeye ndiye atakayemzidishia mtoto ugonjwa. Baba yangu si mtu mkatili, ila aliogopa, akaamua mbwa auawe. Nilimtia Bobi kwenye tenga la kuku, nikalifunika kwa khanga, nikapanda naye basi hadi stendi ya Msamvu, hapa Morogoro.

Daktari wa mifugo hapa mjini alimpima uzito, kilo 12, akachukua damu, akaniambia kwamba ni kifafa. Aliniandikia fenobabitoni ya miligramu 30, kidonge kimoja saa 12 asubuhi na kimoja saa 12 jioni. Duka la dawa za mifugo halina dawa hiyo. Duka la kwanza la dawa za binadamu waliniuliza mgonjwa ni nani, na nilipotaja mbwa walinirudishia cheti. Duka la pili waliniuzia kwa miezi mitatu, kisha wakaishiwa, na tangu hapo jibu ni njoo wiki ijayo. Bei yenyewe si ya kutisha. Hata mimi ninayeishi kwa bumu, ile shilingi 10,000 kwa siku ya mkopo wa wanafunzi ambayo inapaswa kutosha chakula na malazi, ninaweza kuibana ikatoka. Tatizo ni kuipata dawa yenyewe.

Nilimweleza mdogo wangu kwa simu, kwa sababu kila anapopiga swali lake la kwanza ni habari za Bobi. Akaniambia kwamba kliniki humpa vidonge vingi kuliko anavyovihitaji. Kuanzia Desemba amekuwa akinitumia 30 kila mwezi, ndani ya kiberiti, kwa kondakta tunayefahamiana. Ili vinifikishe mwisho wa mwezi, Bobi nikawa ninampa nusu kidonge asubuhi na nusu jioni. Ameanguka mara mbili mwezi wa Februari na mara tatu mwezi wa Machi. Akianguka huwa ninamwekea kijiko kilichoviringishwa kitambaa mdomoni, kama tulivyozoea kumfanyia mdogo wangu.

Sikukuu ya Pasaka nilikwenda nyumbani. Usiku, nikiwa nimelala mkekani, nilimwona mdogo wangu kwa mwanga wa simu. Alipanga vidonge vitatu juu ya mfuniko wa ndoo, akameza viwili, cha tatu akakifunga kwa karatasi ya daftari na kukitia kwenye kiberiti. Nilipomuuliza alisema, “Mimi nikianguka kuna watu wa kunidaka. Bobi akianguka huko kwako, wewe uko darasani.” Akaniapisha nisimwambie mtu. Asubuhi yake mama akaniambia kwamba mtoto ameanguka shuleni mara mbili tangu Januari, zote mstarini mbele ya wenzake, na kwamba kliniki wanafikiria kumbadilishia dawa kwa kuwa hii inaonekana haimfai tena.

Nilinyamaza. Nimerudi chuoni na bado nimenyamaza. Nikimwambia mama, baba atajua, na Bobi hatarudi nyumbani kamwe, na mdogo wangu hataniamini tena. Nikikataa vidonge vyake, Bobi atabaki bila dawa. Mwenzangu mmoja darasani ananishauri nimpeleke mbwa akachomwe sindano ya kumlaza asiamke tena, nisome kwa utulivu, kwa sababu mitihani ya semesta inaanza baada ya wiki nne. Mwingine anasema mdogo wangu aidanganye kliniki kwamba vidonge vimelowa mvua, apewe vingine. Ninahisi kwamba nimewageuza wote wawili kuwa wagonjwa zaidi. Nifanye nini?

Dada Mkubwa,
Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua hii nilimjibu mwandishi wake kwa faragha siku ile ile iliponifikia, kwa sababu vidonge 11 havisubiri zamu ya safu. Ninaichapa sasa kwa ruhusa yake, pamoja na yale niliyomwambia, baada ya kuisoma pamoja na tabibu mmoja na daktari mmoja wa mifugo ninaowaamini katika mambo ambayo mimi si mtaalamu wake.

Umeniandikia kuhusu mbwa, kuhusu mdogo wako na kuhusu siri, na umeyafunga yote matatu kwa kamba moja, kwamba ukimwokoa mmoja unampoteza mwingine. Ninaelewa kwa nini umeona hivyo, kwa kuwa dawa ni moja na kiberiti ni kimoja. Lakini hebu tukae kwanza na hesabu yako. Mdogo wako anapaswa kumeza vidonge vitatu, anameza viwili. Bobi anapaswa kupata viwili kwa siku, anapata kimoja. Yule mtoto anadhani anajinyima ili mbwa wake apone, nawe unadhani unapokea ziada. Ukweli ni kwamba hakuna kati yao anayepata dozi yake, na wote wawili wameanza kuanguka tena katika kipindi hicho hicho. Sikuandikii haya ili kukuongezea uzito. Ninaona tu kwamba huenda hofu ya kumpoteza Bobi kwa kukataa kiberiti inakuzuia kuona kwamba kiberiti chenyewe hakimtoshi.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo nililisoma mara tatu, nalo umelitaja kwa nusu sentensi. Kliniki wanafikiria kumbadilishia mdogo wako dawa. Wahudumu wale wanaamini kwamba anameza vitatu na bado anaanguka, kwa hiyo kwa mizani yao dawa imeshindwa. Wakimwongezea dozi, siku atakapoacha kukutumia atajikuta anameza dawa nyingi kuliko mwili wake unavyohitaji, na fenobabitoni ikizidi huleta usingizi mzito na kuyumba, jambo la hatari kwa mwanafunzi na kwa yeyote anayepita karibu na moto. Wakimbadilishia kabisa, huenda akaondolewa kwenye dawa iliyokuwa ikimfaa vizuri. Na ukumbuke kwamba nyingi ya dawa nyingine za kifafa wanazopewa binadamu, kama kabamazepini, hazimsaidii mbwa, kwa kuwa mwili wake huziondoa upesi mno, kwa hiyo hata kiberiti kingekauka. Kati ya yote uliyonieleza, hili ndilo lenye saa. Swali la kujiuliza ni kama kliniki wanaweza kuamua vema kuhusu mtoto huyu bila kujua kile ambacho wewe na yeye mnakijua.

Wewe umetoka Mahenge, kwa hiyo huenda unalijua hili kuliko mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa baada ya kukuta wagonjwa wengi wametengwa na jamaa zao, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto kwa sababu watu waliogopa kuwagusa wanapoanguka, wakiamini kwamba povu huambukiza. Dawa iliyobadilisha maisha ya wengi wao ilikuwa hii hii fenobabitoni. Kovu la mdogo wako ni la historia hiyo, na maneno ya majirani zenu pia. Ningependa uwe na uhakika, ili uweze kumwambia hata baba yako kwa sauti isiyotetereka, kwamba kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa mate, hakitoki kwa mtu kwenda kwa mbwa wala kwa mbwa kwenda kwa mtu. Mbwa huugua kifafa chao wenyewe, na mara nyingi huanza wakiwa kati ya miezi 6 na miaka 6. Baba yako alifanya uamuzi wake kwa kumwogopea mtoto, na sijui, wala wewe hujui bado, angeamua nini iwapo angelisikia hili kutoka kwa mtu wa kliniki anayemheshimu.

Kuhusu siri, sitakuambia umvunjie mdogo wako kiapo, wala sitakuambia ukitunze. Nitakueleza ninavyoziona njia. Unaweza kumpigia mama leo na kumwambia yote. Njia hiyo ndiyo ya haraka zaidi kwa afya ya mtoto, lakini kijana wa miaka 15 aliyeamini kwamba anafanya jambo la heshima anaweza kuiona kama usaliti, na akijifunza kuficha kutoka kwako atakuwa amepoteza mtu pekee anayemwambia ukweli. Unaweza kuanza naye mwenyewe, ukamweleza ile hesabu ya vidonge, ukamwambia waziwazi kwamba hutapokea tena kiberiti, na ukampa nafasi ya kusema kwa kinywa chake, kwa mama au kwa muuguzi, kabla ya tarehe yake ya kliniki. Njia hii inamlindia heshima yake, ila ina hatari kwamba ataahirisha, au atakubali kwa simu na kuendelea kuficha vidonge, na kila jioni inayopita ni jioni ya dozi pungufu. Ukiichagua, amua mapema utangoja siku ngapi, na umwambie idadi hiyo ili asije akadhani kwamba umemvizia. Ipo pia njia ya kumwendea muuguzi wa kliniki kwanza, ambaye ameshawaona wagonjwa wengi wakigawana dawa na ndugu zao na huenda asishtuke kama unavyodhani. Kwa vyovyote, asijirudishe kwenye kidonge cha tatu kimyakimya, bali wahudumu wajue ili wamfuatilie. Lile shauri la kusema vidonge vimelowa mvua linasikika jepesi, lakini vidonge vile ni vya mgonjwa mwingine aliye kwenye foleni, na uwongo huo ungezidi kuwapotosha wanaomtibu.

Tuje kwa Bobi, ambaye sitaki umwone kama mzigo uliobaki baada ya mambo makubwa kwisha. Mbwa aliyejifunza mwenyewe kubweka mpaka mtu mzima afike ana nafasi yake katika nyumba yenu, na mapenzi ya mdogo wako kwake yana sababu.

La kwanza ni kwamba dawa hii haikatizwi ghafla. Mwili ukishaizoea, kuiondoa kwa mara moja kunaweza kuleta mfululizo wa kuanguka usiokoma, na huo ndio unaoua. Kwa hiyo kabla vidonge 11 havijaisha, rudi kwa daktari wa mifugo aliyekuandikia, umweleze bila kuona haya kwamba umekuwa ukimpa nusu ya dozi, tangu lini, na ameanguka mara ngapi. Atakachoamua kitategemea ukweli huo, na mabadiliko ya dozi huchukua takriban wiki 2 kabla ya kuonekana vizuri, hivyo usikate tamaa siku ya tatu. Iwapo hatakuwa na njia, uko katika mji wenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho kina hospitali ya kufundishia madaktari wa mifugo, na wanafunzi wa kada hiyo ni wenzako. Huko ndiko pa kuuliza kama kuna dawa mbadala inayoweza kupatikana. Usijaribu mbadala kwa ushauri wa muuza duka wala wa mtandaoni.

Kuhusu yule muuza dawa aliyekurudishia cheti, huenda ulihisi kwamba amemdharau mbwa wako. Inawezekana. Lakini fenobabitoni ina hali ya pekee. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na wakati huo huo imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa sababu watu wameitumia vibaya. Anayeiuza anapaswa kujua anamuuzia nani na kwa cheti cha nani. Ndiyo maana maduka mengi madogo hayaiweki kabisa ingawa bei yake ni ndogo. Mwombe daktari wako akuandikie cheti kamili chenye jina lako, jina la mnyama na aina yake, uzito, dozi, muda wa matumizi, sahihi na mhuri, na umwombe yeye mwenyewe apige simu kwenye famasi kubwa kuuliza wanayo kiasi gani na wanaweza kukuagizia lini. Muuza dawa atamsikiliza daktari mwenzake wa taaluma kuliko atakavyomsikiliza mwanafunzi aliyesimama dirishani. Ukipata, nunua kwa kipindi ambacho cheti kinaruhusu, na rudi ukiwa bado na akiba ya wiki 2. Bumu lako linapoingia, hiyo iwe ya kwanza kutoka, kabla ya madeni ya stesheneri.

Acha kutumia kijiko, kwa Bobi na kwa mdogo wako pia. Anayeanguka hamezi ulimi, lakini kijiko humvunja meno au kumziba pumzi, na mbwa aliyekakamaa anaweza kukung'ata bila kukujua. Sogeza vitu vigumu, mlaze mbali na ngazi na moto, tazama saa. Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, hiyo ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari hata kama ni usiku. Andika tarehe na dakika kwenye daftari. Wapangaji wenzako wakitaja kichaa cha mbwa, wajibu kwa utulivu kwamba mbwa mwenye kichaa hufa ndani ya siku chache baada ya dalili kuanza, na Bobi ameugua kwa zaidi ya mwaka. Hata hivyo hakikisha amechanjwa na kadi yake unayo, kwa kuwa haki ya kuogopa wanayo.

Limebaki lile la sindano. Rafiki yako hakukosea kulitaja, na mtu anayelichagua baada ya kujaribu si muuaji. Kama mtahangaika na dawa isipatikane, na Bobi akawa anaanguka siku kwa siku bila nafuu, kumlaza kwa mkono wa daktari kunaweza kuwa huruma. Lakini ninavyoisoma barua yako, huyu ni mbwa ambaye hajajaribiwa kwa dozi kamili tangu Novemba, na mwenye mbwa hasa ni kijana aliye Ulanga ambaye hajaulizwa. Akija kujua kwamba aliondolewa kimya kimya katika wiki ile ile uliyomkatalia kiberiti, sijui ataunganishaje mambo hayo mawili kichwani mwake. Jipime pia wewe, kwa sababu una mitihani, huna mtu wa kukaa na Bobi ukiwa darasani, na uwezo wako una mpaka. Je, yupo mwenzako chumba cha pili anayeweza kupewa ufunguo na kufundishwa dozi ya saa 12? Kliniki wakishazungumza na wazazi wako, je, kurudi kwa Bobi nyumbani bado ni jambo lisilowezekana, au ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza tena?

Unasema kwamba umewageuza wote wawili kuwa wagonjwa zaidi. Mwanangu, ulipokea ulichoambiwa ni ziada, kutoka kwa mdogo wako unayempenda, katika mwezi ambao maduka mawili yalikuwa yamekunyima. Kilichobadilika ni kwamba tangu Pasaka unajua, na ndiyo maana hulali. Jibu la swali lako litatoka kwako, ukishazungumza na watu ambao hadi sasa kila mmoja ana kipande kimoja tu cha habari hii.

Ninapochapa haya, mwandishi wa barua tayari amenijulisha kwamba amerudi kwa daktari wa mifugo. Mengine ni yake kuyasema akitaka. Kwako wewe, Dada Mkubwa, nina ombi dogo kuhusu simu ya nyumbani ambayo bado unaiogopa. Usianze na vidonge wala na kliniki. Anza na habari za Bobi, amekula nini leo na amelala wapi, kwa kuwa ndizo mdogo wako anazozisubiri, kisha mwombe muda wa kumweleza hesabu.